Mgongo wa Mwenzio

Miaka yote ya shule tuliambiwa kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Nilikariri hiyo sentensi, nikaiandika kwenye mitihani, nikapata maksi zangu, na sikuwahi kujiuliza uti wa mgongo wenyewe ni kitu gani. Kwangu ilikuwa tamathali ya semi tu. Nilikuja kuujua kama mfupa Ramadhani moja, siku kaka yangu alipoanguka kutoka juu ya mnazi kule Mkuranga. Nazi zilikuwa na soko, watu wanataka tui la futari, naye ni mkwezi tangu utotoni. Waswahili husema fulani amekalia kuti kavu. Yeye alilishika hasa, kwa mkono, likachomoka.

Pingili ya kwanza ya kiuno ilipasuka. Miguu haikufa kabisa, ila ilikuwa kama ya mtu mwingine: anaiambia isogee, inasogea kidogo, tena kwa kuchelewa. Daktari alituita tukiwa watano kwenye korido. Alitueleza kwa upole, kwa maneno ambayo mama angeyaelewa. Wataweka skrubu mbili kwenye pingili iliyo juu ya ile iliyovunjika, mbili kwenye iliyo chini yake, kisha wataziunganisha kwa nondo mbili ndogo. Alisema “nondo”, na mama akaitikia kwa kichwa, maana nyumba yetu ina nondo na ameziona zikifungwa.

“Vyuma mtanunua wenyewe,” daktari akasema. “Viko vya aina mbili.”

Tukapewa karatasi mbili. Bei ya kwanza ilikuwa karibu mara tatu ya bei ya pili. Mchango wa ukoo, ule wa kwenye kundi la simu, ulikuwa umefika bei ya pili na kuzidi kidogo. Wote wakanigeukia mimi. Baba mdogo akasema, “Wewe si ndiye mhandisi? Vyuma ndiyo kazi yako. Tuambie.”

Ni kweli mimi ni mhandisi mitambo. Kazi yangu ni kuchora mabano na vishikizi vya mabomba ya kiwandani, vitu vya kushika vitu vingine visitikisike. Ni kweli pia, na hili hawakulijua, kwamba nilikuwa na akiba benki ya kumalizia kiwanja Kibaha, na ile tofauti ya bei ningeweza kuilipa peke yangu. Niliziangalia zile karatasi kama mtu anayesoma kwa makini. Kisha nikasema, “Vyote ni titani. Tofauti ni jina tu.”

Wakashusha pumzi. Tukanunua vya bei ya chini.

Hospitali siitaji, maana haina kosa katika haya ninayoyasema. Kosa, kama lipo, ni langu. Na swali ninalotaka kulileta hapa, kwa nyinyi mnaosoma insha na riwaya na mliozoea kuwapima wahusika kwa waliyoyatenda, ni hili: mtu anayeamua juu ya kitu kitakachokaa ndani ya mgongo wa mwenzake ana wajibu gani? Nasema “anayeamua” kwa sababu kabla yangu mimi pale koridoni, kulikuwa na mwingine mbali huko, mbele ya kompyuta, aliyeamua unene wa ile skrubu. Yeye na mimi tulifanya kazi moja. Tulimbebesha kaka yangu uamuzi.

Nilianza kusoma baada ya upasuaji, si kabla. Hilo nalo ni sehemu ya kosa.

Skrubu ya mgongo hupita kwenye kijia cha mfupa kinachounganisha sehemu ya nyuma ya pingili na ile ya mbele. Mfaransa Raymond Roy-Camille alianza kuitumia njia hiyo mjini Paris mwaka 1963, na leo mifumo mingi ya vyuma vya mgongo inaitegemea. Kijia chenyewe ni chembamba, upana wake milimita chache. Ukikosea kuelekea ndani, unaingia kwenye mfereji unaobeba ugwe mgongo na mishipa yake ya fahamu. Ukikosea kuelekea chini, unagusa mshipa unaokwenda mguuni. Kwa hiyo skrubu haina ruhusa ya kunenepa. Kazini kwangu nikiwa na wasiwasi na boliti, naongeza unene na kulala usingizi. Hesabu yake ni rahisi: ukizidisha kipenyo mara 2, uwezo wa kustahimili kupindwa unaongezeka mara 8. Mgongoni anasa hiyo haipo. Mwili umeshaweka mpaka, na mbunifu anafanya kazi ndani ya milimita 6 hivi.

Tena kuna jambo ambalo lilinishangaza mimi mtu wa viwandani. Mabano yangu hukaa milele, au angalau mpaka kiwanda kifungwe. Vyuma vya mgongo havikukusudiwa hivyo. Vinaweza kubaki humo maisha yote, lakini kazi yao ni ya muda: kushika mpaka mfupa uunge. Chuma chochote kinachopindwa na kuachiwa, kupindwa na kuachiwa, mwisho huchoka. Kila mwenye baiskeli anajua jinsi spoki inavyokatika siku ambayo hukubeba hata mzigo. Mfupa nao una tabia yake: hauchoki namna hiyo kwa sababu unajikarabati. Kwa hiyo tangu siku ya upasuaji kunakuwa na mbio. Mfupa unakimbilia kuunga, chuma kinakimbilia kuchoka. Mfupa ukifika kwanza, chuma kimeshinda. Mfupa usipofika, hakuna titani wala chuma cha pua kitakachosubiri milele.

Basi utadhani jibu ni kutengeneza chuma kigumu zaidi na zaidi. Hapana. Mjerumani Julius Wolff aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoubeba. Mfupa usiobebeshwa kitu hupungua. Ukiufungia chuma kinachobeba kila kitu, unaufundisha uvivu, unakonda kando ya msaidizi wake. Ndiyo sababu mojawapo ya watu kuipenda titani: chuma cha pua kina ukakamavu karibu mara 2 ya titani, na titani yenyewe bado ni kakamavu mara kadhaa kuliko mfupa. Mbunifu anatafuta kitu cha ajabu kidogo, msaidizi mwenye nguvu za kutosha na mnyonge kiasi cha kutosha. Nilipolisoma hilo nilifunga kompyuta, nikakaa. Nimewahi kusaidiwa na watu wa aina zote mbili, na nimewahi kuwa wa aina zote mbili.

Sasa, unapimaje kitu kama hicho kabla hakijaingia mwilini? Kuna kipimo kinachoitwa ASTM F1717. Wanachukua vipande 2 vya plastiki ngumu, kimoja badala ya pingili ya juu na kingine badala ya pingili ya chini. Wanavifunga kwa skrubu 4 na nondo 2. Katikati wanaacha wazi kabisa, kana kwamba pingili ya katikati imeondolewa yote, na mzigo wote unapita kwenye chuma. Kisha mashine inabonyeza na kuachia, hadi mara milioni 5. Ukiiendesha mara 5 kwa sekunde, inamaliza kabla ya siku 12.

Nilipenda jinsi kipimo hicho kilivyofikiriwa. Mashine inamwazia mgonjwa aliye katika hali mbaya kuliko wote, yule ambaye mbele hana mfupa wowote wa kumsaidia. Hiyo ni adabu. Ni kama mpishi anayepika akimfikiria mgeni mwenye njaa kuliko wote. Lakini kipimo hichohicho hakisemi kifaa kizuri ni kipi. Kinasema namna ya kupima ili vifaa vilinganishwe, basi. Hakiweki mstari kwamba hapa ni salama na hapa si salama. Mstari huo lazima mtu auweke kwa akili na dhamiri yake. Na hakuna mashine inayomwazia mtu wa Mkuranga aliyetoka hospitali na kukaa siti ya nyuma ya daladala kwenye barabara ya makorongo, ambaye baada ya miezi miwili shamba limeota majani na watoto wanataka kula.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mbunifu wa vyuma vya mgongo, karibu kila mara, anatengeneza kitanda asichokilalia.

Hapa niwarudishe kidogo kwenye fasihi, maana ndiko nyumbani kwetu. Waandishi wameupenda mgongo uliopinda kama ishara. Victor Hugo mwaka 1831 alimpa Quasimodo kibiongo ili tushangae kuukuta moyo mwema chini yake. Kabla yake, katika miaka ya 1590, Shakespeare alimpa mfalme Richard wa Tatu mgongo mbovu ulingane na roho mbovu. Mwaka 2012 mifupa ya Richard ikafukuliwa chini ya maegesho ya magari mjini Leicester, Uingereza. Uti wake kweli ulikuwa umepinda upande, bega moja juu kuliko jingine, lakini kibiongo hakuwa nacho, na nguo nzuri ingeweza kuficha sehemu kubwa ya kasoro yake. Kuhusu roho yake, mifupa haikusema kitu.

Sisi nasi lugha yetu haina tofauti sana. Mtu mwema ni mnyoofu. Mambo yakienda sawa yamenyooka. Mwongo anapindisha maneno, na hakimu mbaya anapindisha sheria. Tumeweka maadili yetu kwenye rula. Lakini mwili wenyewe haukubali. Mgongo ulionyooka ukiutazama kwa mbele, ukiutazama kwa ubavuni una mapindo: shingoni unaingia ndani, kifuani unatoka nje, kiunoni unaingia tena. Mapindo hayo ndiyo yanayoweka kichwa juu ya nyonga ili usimame bila kuchoka. Mgongo usio na pindo lolote ni mgonjwa.

Hilo liligunduliwa kwa uchungu. Katika miaka ya 1950, mjini Houston, Texas, daktari Paul Harrington alikuwa na watoto waliopitiwa na polio. Misuli imepooza upande mmoja, migongo inapinda mwaka hadi mwaka, mapafu yanabanwa. Tiba iliyokuwepo ilikuwa kumfunga mtoto gamba la plasta mwili mzima, na watoto ambao hata kupumua ni kazi hawakuliweza gamba hilo. Harrington akabuni ufito wa chuma wenye ndoano juu na chini, na meno ya kuukaza hatua kwa hatua, kama jeki ya gari. Unaweka ndoano, unasukuma, mgongo unarefuka na kunyooka. Mwanzoni aliuweka bila kuunganisha mifupa, vyuma vikakatika na kuachia. Akajifunza kwamba chuma peke yake hakitoshi, lazima mfupa uunge, akabadilisha. Mwaka 1962 alichapisha matokeo, na kwa miaka mingi baada ya hapo ufito wake ukawa ndio tiba yenyewe duniani. Watoto wengi walipumua kwa sababu yake.

Lakini jeki inayosukuma ncha mbili haijui tofauti ya pindo baya na pindo zuri. Ilinyoosha lile la upande, ambalo picha ya mbele iliionyesha, na pale ufito uliposhuka mpaka kiunoni ikalalisha na lile la kiuno, ambalo picha ya mbele haikulionyesha. Kuanzia miaka ya 1970 madaktari wakaanza kuandika juu ya watu wenye migongo bapa: walikuwa watoto walionyooshwa vizuri, wamekuwa watu wazima, na sasa hawawezi kusimama wima. Wanainamia mbele, wanakunja magoti ili waone wanakokwenda, wanaumwa. Katika miaka ya 1980 Wafaransa Yves Cotrel na Jean Dubousset wakaleta mfumo mwingine, wenye ndoano nyingi na fito zilizokunjwa kufuata maumbile, wakiutazama mgongo kwa pande zake zote.

Je, Harrington alikosa? Nimeligeuza swali hili mara nyingi. Mtoto anayekosa pumzi leo hawezi kungoja mtu agundue pindo la kiuno. Ukimhukumu Harrington kwa alichojua, ametoka safi. Ukimhukumu kwa yaliyowapata baadhi ya watu aliotaka kuwasaidia, kuna maumivu ya miaka ambayo mtu fulani lazima ayaitikie. Mimi naona sifa yake kubwa iko kwenye yale mabadiliko. Chuma kilipokatika, hakusema mgonjwa alikosea kuinama. Alirudi mezani.

Kuna mwingine ninayemfikiria zaidi, kwa sababu anakaribia ile korido yetu. Eduardo Luque alifanya kazi Mexico katika miaka ya 1970. Baada ya upasuaji wa kina Harrington mgonjwa alitakiwa kuvaa gamba au kizibao kigumu kwa miezi. Wagonjwa wa Luque walikuwa maskini, joto ni kali, wengine wanatoka mbali, hawarudi kliniki kila wiki. Gamba halikuvalika. Akabuni njia ya kufunga ufito kwenye pingili moja baada ya nyingine kwa waya unaopita chini ya matao ya mifupa, mgongo ukawa imara kiasi cha kumwacha mgonjwa atembee bila gamba. Fito laini na waya, basi. Lakini waya ule unapita jirani kabisa na ugwe mgongo, na hatari ya kuugusa ilikuwa ya kweli. Alibadilisha hatari moja kwa nyingine. Aliichagua ile ambayo yeye, kwa mikono yake, angeweza kuisimamia kwenye chumba cha upasuaji, kuliko ile ambayo mgonjwa angeachiwa aibebe peke yake nyumbani.

Nadhani hapo ndipo penye tofauti kati ya kitu cha bei nafuu kilicho halali na kitu cha bei nafuu kilicho dharau. Hata kwetu tumeuona mfano mwema, ingawa ni wa mguu na si wa mgongo: ule msumari wa ndani ya mfupa wa shirika la SIGN, lililoanzishwa na daktari Lewis Zirkle mwaka 1999 huko Richland, Marekani. Uliundwa tangu mwanzo kwa hospitali ambazo hazina mashine ya kuonyesha eksirei moja kwa moja wakati wa upasuaji, na umetumika sana Tanzania. Hawakuchukua kifaa cha matajiri na kukipunguza. Walianza na swali la aliye hapa: hana hiki, hana kile, sasa afanyweje apone? Bei ya chini ikatoka kwenye heshima.

Sasa nijitazame mimi. Je, niliposema “tofauti ni jina tu” nilikuwa Luque? Ningependa. Sentensi yangu ilikuwa na ukweli ndani yake. Aloi iliyoandikwa kwenye karatasi zote mbili ilikuwa moja. Bei ya kifaa ina mambo mengi yasiyo chuma: matangazo, mawakala, usafiri, jina. Kumfilisi mtu kwa ajili ya jina ni dhuluma nyingine. Yote hayo yalikuwa kweli, na hata moja sikuwa nimelichunguza wakati nazungumza. Sikuomba cheti cha vipimo. Sikumuuliza daktari amewahi kuona vipi vikikatika. Nilikuwa na kiwanja kichwani, nikatafuta sentensi ya kihandisi ya kukifunika. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema. Mimi niliuona mwepesi kwa sababu mgongo haukuwa wangu.

Baada ya miaka miwili kaka alirudi kupigwa eksirei. Alikuwa anatembea, na fimbo, lakini anatembea. Daktari akaniita nitazame. Skrubu ya chini upande wa kushoto ilikuwa imekatika, pale karibu na kichwa chake, mstari mweusi mwembamba. Nikahisi kizunguzungu. “Usiogope,” akasema, “mfupa umeshaunga. Hiyo imemaliza kazi yake.” Akaniambia skrubu hukatika hata za bei kubwa, hasa pingili inapokuwa imesagika sana mbele na mzigo wote unarudi nyuma. Hatukuhitaji kufanya lolote. Nilimwomba daktari nimweleze kaka mwenyewe. Akakubali. Sikumweleza.

Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams na Thomas Nagel, waliandika juu ya kitu walichokiita bahati katika maadili. Wafikirie madereva wawili wa malori ambao wote hawakukagua breki. Mmoja anafika salama. Mwingine mtoto anakatisha barabara. Uzembe ni mmoja, lakini wa pili tunamwita muuaji na wa kwanza tunamkaribisha chai. Nagel hakuona njia rahisi ya kutoka hapo, na mimi sioni. Breki zangu sikuzikagua. Mbio za mfupa na chuma, mfupa ukashinda, labda kwa wiki chache. Kama ungeshindwa, ningekuwa mtu mwingine kwenye ukoo huu, ingawa ningekuwa nimesema maneno yaleyale, kwa sauti ileile, kwenye korido ileile.

Watu huniambia, hasa wale ninaowasimulia bila kutaja kiwanja: acha, mwisho umekuwa mwema. Siwezi kulikubali, na ubunifu ndio ulionifundisha nisilikubali. Kazini kwangu bomba lisipoanguka haina maana bano lilichorwa vizuri. Pengine halikupata siku mbaya. Mhandisi anayejipima kwa matokeo peke yake anangoja maiti ndiyo imfundishe. Lakini sikubali pia upande wa pili, kwamba nia njema inatosha, maana hata wale wa mgongo bapa walinyooshwa kwa nia njema. Ninachoweza kukisimamia ni kidogo: wajibu wa anayeamua juu ya mgongo wa mwenzake ni kuuliza kabla, na kurudi kuuliza baadaye. Ya kwanza peke yake haitoshi, kwa sababu kuna mambo ambayo mwili pekee ndio utakaoyasema, tena kwa wakati wake.

Katika miaka ya 1990 watafiti wa Berlin, akina Antonius Rohlmann na Georg Bergmann, walifanya jambo ambalo kwangu ni picha kamili ya kuuliza huko. Walitengeneza vyuma vya mgongo vyenye vihisio ndani, vinavyotuma habari kwa redio, vikawekwa kwa wagonjwa wachache waliohitaji vyuma hata hivyo. Kisha wakawaomba watembee, wakae, walale, huku chuma kikieleza kinabeba nini. Walijaribu pia kuwavalisha vizibao vya kukaza mgongo, vile ambavyo kila mtu aliamini vinakipunguzia chuma mzigo. Kwa wagonjwa wale, vizibao havikupunguza mzigo kwa kiasi cha maana. Imani ya miaka mingi ilijibiwa na chuma chenyewe kutoka ndani ya mtu aliye hai.

Mimi sina vihisio. Nina kaka, na nilikuwa sijamuuliza kitu.

Idi iliyopita nilikwenda Mkuranga. Tulikaa nje, yeye kwenye kiti chake chenye mgongo mrefu, mimi kwenye kigoda. Shemeji alikuwa jikoni. Nikamwambia yote: karatasi mbili, akiba, kiwanja, kwamba nilisema nisichokijua, kwamba skrubu moja imekatika na nimelijua hilo kwa zaidi ya mwaka. Nilizungumza kama mtu anayesoma ripoti. Alisikiliza bila kunikatiza, akichora chini kwa ncha ya fimbo.

Alipoinua uso aliuliza, “Iliyokatika ni ya upande gani, mdogo wangu?”

Nikamgusa, kushoto, chini.

“Huo mbona hauniumi,” akasema. “Unaoniuma ni huu wa kulia. Kila nikiamka. Nimewaambia mara nyingi, wanatazama picha, wanasema uko sawa.”

Nikamwomba anionyeshe hasa ni wapi. Akachukua mkono wangu akauweka. Kuhusu kiwanja hakusema neno siku ile, na mpaka leo hajasema. Sijui kama amenisamehe au anangoja wakati wake. Nilikaa pale na mkono wangu mgongoni mwake, naye akaanza kunieleza: unaanza saa ngapi, unapanda mpaka wapi, akiinama unakuwaje, akicheka unakuwaje. Nilitoa daftari, nikaandika.